Pampu za Ondiri zidhibitiwe

Mhariri,

Anayedhani kinamasi cha Ondiri, hapa Kikuyu, ni tope tupu na afike kabla ya saa moja asubuhi. Wiki iliyopita nilikizuru na wanangu, ukungu ukiwa bado umetanda. Tulipokanyaga kando ya matete ardhi ilitikisika, kwani pale juu ni mkeka wa mizizi na majani unaoelea juu ya maji. Korongo wawili wenye taji walikuwa wakidonoa kwenye nyasi fupi. Mwanangu wa mwisho alinishika mkono, akakataa tuondoke.

Kwamba ndege hao wapo, kuna watu wa kushukuriwa. Wakazi walijitolea, wakazoa taka, mikaratusi iliyonyonya maji ikakatwa, mianzi na miti ya kiasili ikapandwa. Heko kwao.

Kinachonikera ni pampu zinazovuta maji ya kinamasi. Asubuhi hiyo moja ilinguruma ng'ambo tangu tufike hadi tukaondoka. Korongo huyu, aliyeorodheshwa tangu 2012 kuwa katika hatari ya kuangamia, hujenga kiota katikati ya majani yaliyozingirwa na maji, akataga mayai mawili au matatu. Maji ndiyo yanayomzuia mbwa. Yakipungua, mbwa hufika kwenye kiota kwa miguu.

Wala si ndege pekee. Mto Nairobi unaanzia Ondiri, unaingia Athi, na maji yake humwagika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Serikali inagharamika kuusafisha mto huo jijini. Utasafishika vipi ikiwa tunaukausha huku juu?

Sheria ya Maji ya 2016 inamtaka anayevuta maji awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Naomba WRA ibandike kwa chifu orodha ya wenye vibali Ondiri na kiasi wanachoruhusiwa. Pia isimike majini nguzo yenye vipimo. Kina kikishuka chini ya alama, pampu zote zizimwe, ya tajiri na ya maskini. Majirani zangu wanamwagilia sukuma wiki kwa maji hayo na wana watoto wa kulisha, ndiyo maana sidai marufuku, nadai kipimo. Wanafunzi wa shule za karibu wanaweza kukisoma kila asubuhi na kuandika daftarini.

Mkazi wa Kikuyu,
Kaunti ya Kiambu