Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya uwekezaji: reli ya pili isiipite Ujiji

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu kutoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, jirani na mji wa Kigoma. Sikupenda kukuandikia hadharani. Barua za kawaida tumeshapeleka, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na safari yao ikaishia hapo.

Kilichonisukuma ni jambo la wiki iliyopita. Alikuja mtu na mtaji wake, anataka kujenga kiwanda cha kusafisha mawese hapahapa Ujiji. Alikaa na kikundi chetu cha wauza mawese, akatuahidi kununua mzigo mwaka mzima. Alichoomba ni kiwanja kilichopimwa, chenye hati, na umeme wa kuendesha mitambo. Ofisi moja ikamwambia eneo lina mgogoro wa fidia. Nyingine ikamtaka aandike andiko upya. Ya tatu ikamrudisha kwa ya kwanza. Alhamisi akapanda ndege akaondoka. Alituaga kwa simu, akasema pesa yake ni ya benki na riba haimsubiri.

Mheshimiwa, naomba ujue tunavyofanya kazi. Chikichi zikishapukuchuliwa tunazichemsha kwenye mapipa, halafu vijana wanazikamua kwa mashine ya kuzungusha kwa mikono, jasho linawatoka mchana kutwa. Mafuta tunafunga kwenye madumu ya lita 20. Msimu ukikolea, madumu yanapangwa mpaka uchochoroni, na mwenye lori ndiye anayetaja bei. Sina ghala, kwa hiyo nauza kwa bei yake. Baada ya miezi michache mawese yaleyale yameadimika, bei imepaa, na mimi sina hata dumu moja. Ada ya mwanangu nimeilipa kwa mkopo wa kausha damu, wenye riba kali, na wadai wanakuja kunikuta sokoni mbele ya wateja.

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Kigoma kuhimiza zao la michikichi. Tuliitikia. Pale kituo cha utafiti cha Kihinga watafiti wanazalisha mbegu bora, wakulima wamepanda. Na nchi bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje! Sasa michikichi hiyo ikizaa, itakamuliwa wapi?

Mji huu haukuanza biashara jana. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walilikuta soko. Chumvi ya Uvinza iliuzwa hapa, mawese yaliuzwa hapa, pembe za ndovu zilivuka ziwa kutoka Manyema, upande wa Kongo, na watu pia waliuzwa, jambo ambalo hatulisahau. Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871 kwa sababu hapa ndipo njia ya misafara ilipoishia. Halafu Wajerumani wakajenga reli, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, kwenye ghuba yenye kina. Biashara ikaifuata reli, sisi tukabaki na miembe.

Nadhani ndipo ugonjwa ulipoanzia, na mpaka leo kiongozi akiwa na mgeni mwenye fedha anamwonyesha Kigoma. Ujiji analetwa kutazama mnara wa Livingstone, anapiga picha, anarudi hotelini bila kununua hata mche wa sabuni. Wametuzoea kama watu wa historia. Lakini historia hailipi kodi ya pango la kibanda changu.

Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, sikupinga, samaki lazima wazaliane. Ila tuliona mji usio na kiwanda unavyokuwa dagaa wakikosekana. Mama ntilie walizima majiko. Bodaboda walilala kijiweni bila abiria.

Sasa inakuja reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Kwenye mikutano tunaambiwa Kigoma itakuwa lango la Kongo na Burundi. Tunaamini. Lakini lango linahitaji maghala, na maghala yanahitaji ardhi iliyopimwa, na fidia za watu zilipwe ili mwekezaji asikabidhiwe kesi badala ya kiwanja. Ndicho alichokikosa yule mgeni wetu.

Mheshimiwa, hatuombi tamasha. Hatuombi semina ya ujasiriamali, tumeshakaa nyingi na vyeti tunavyo. Tunaomba eneo la viwanda na maghala Ujiji, lipimwe, lilipiwe fidia, lifikishiwe umeme, na awepo ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kumpa mwekezaji jibu. Kama yote hayawezekani mwaka huu, basi hilo la kupima ardhi. Lipimwe kabla treni haijafika. Namba ya yule mgeni bado tunayo, na nilipompigia jana alisema hajasaini kwingine.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuza mawese, Ujiji