Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: mstari ulio chini ya risiti yangu

Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Viwanda na Biashara,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: "BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI"

Mbukwenyi, Mheshimiwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mkazi wa Mkonze, hapa hapa Dodoma, kwa hiyo barua hii haikuwa na haja ya kwenda mbali. Nimechagua kuiandika wazi kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu, na kwa sababu milango ya kubisha kimyakimya nimeshaimaliza.

Kiinua mgongo changu nilikigeuza nyumba, kama walimu wengi. Tangu Serikali ihamie huku kila mtu anajenga. Asubuhi Mkonze unasikia nyundo kabla ya jogoo. Nikafika mpaka kwenye kenchi. Ikabaki kuezeka kabla ya masika, na mvua zetu unazijua: zinakuja Desemba, zinakwisha Aprili, zikikukuta huna paa mbao zinapinda zote. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikaomba mabati 62 ya geji 28. Nikatajiwa bei ya geji 28, nikalipa taslimu, nikadai risiti, nikapewa. Mzigo ukapandishwa kwenye kirikuu.

Fundi wangu ni kijana asiyependa maneno. Alishusha bati la kwanza, akalibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea kama kopo la maziwa. Akanitazama. "Mwalimu, hii siyo ishirini na nane."

Nieleze kwa ambaye hajawahi kuezeka. Geji ni namba inayokwenda kinyume: ikipanda, bati linapungua unene. Geji 30 ni jembamba kuliko 28, na 32 ni jembamba zaidi. Wapo wanaouziwa 30 wakarudi nyumbani wakidhani wameongezewa. Mimi nilijua, nikaomba 28, nikapewa jina la 28 na bati la 30. Kwa macho hutofautishi, hasa likiwa limepakwa rangi linang'aa. Ilibidi tuazime kifaa cha kupimia unene kwa kijana wa gereji, tukapima mabati saba tukiyachagua ovyo ovyo. Matano yalisoma geji 30, na mawili yalikuwa membamba hata kuliko hapo.

Nikarudi dukani. Kwa haki yake niseme kwamba muuzaji hakunifokea. Alinipa kiti, akaagiza soda, akaniita mwalimu kila baada ya sentensi. Kisha akaichukua risiti yangu na kuigeuza inielekee, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa mwisho: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia sikuja kwa sababu nimebadili mawazo, nimekuja kwa sababu sikupewa nilichonunua. Akauliza, geji imeandikwa wapi? Nikatazama. Risiti ilisema "BATI M3 x 62". Geji haimo. Ukutani nyuma ya kichwa chake palikuwa na ubao wenye maandishi mekundu: MTEJA NI MFALME. Soda sikuimaliza.

Sasa, Mheshimiwa, twende kwenye risiti yenyewe, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko mabati. Kwa miaka mingi tumeimbishwa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", na mimi ni raia mtii, nilidai. Karatasi hiyo imetoka kwenye mashine inayotambuliwa na Serikali. Juu ina namba ya mlipakodi, katikati ina kodi iliyokatwa, kwa hiyo Hazina imepata chake kwa usahihi hadi senti. Chini ina sentensi inayoniambia mimi sina changu. Karatasi moja inailinda Serikali na kunivua nguo mnunuzi. Najua mashine hizo ziko chini ya wizara nyingine, lakini mawaziri mnakaa pamoja bungeni, umbali wa kiti na kiti.

Na sentensi ile haina miguu kisheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kuifanya na ukategemea ujuzi wake, bidhaa iifae kazi hiyo. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza kumdanganya mnunuzi juu ya ubora, daraja au kiwango cha bidhaa, na ina sehemu nzima inayohusu masharti yanayohesabiwa kuwemo katika kila mauzo kwa mlaji hata kama hakuna aliyeyatamka. Kwa hiyo sheria ipo, wala sikuandiki nikiomba nyingine. Nakuuliza inakuwaje mstari mmoja wa wino hafifu uwe na nguvu kuliko sheria mbili, kuanzia masoko yetu ya Majengo na Sabasaba hadi Manyoni na Singida.

Jibu langu la kizee ni kwamba tumeukubali wenyewe. Kizazi changu kilijifunza ununuzi kwenye foleni. Miaka ya mwanzo ya themanini tulipanga mstari alfajiri duka la ushirika, wengine wakiweka jiwe au kikapu kishike nafasi, kwa sabuni mche mmoja na sukari kilo moja. Ukipata, hukukagua. Ulishukuru. Ukiikuta sukari ina unyevu uliianika juani ukamwomba Mungu wiki ijayo iwepo tena. Kisha biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, lakini ule mwili ulioinama mbele ya kaunta haukunyooka. Mpaka leo mtu akirudisha kitu kibovu anaanza kwa "samahani".

Wenzetu walipita njia nyingine. Tarehe 15 Machi 1962 John F. Kennedy, rais wa Marekani, alipeleka ujumbe bungeni kwao akataja haki nne za mlaji: usalama, kuelezwa ukweli, kuchagua na kusikilizwa. Hazikutoka kichwani mwake tu. Kulikuwa na vyama vya wanunuzi vilivyokuwa vikipima bidhaa na kutangaza matokeo, na mwaka 1960 vyama kama hivyo kutoka nchi mbalimbali vilikuwa vimeungana kimataifa. Mwaka 1983 vikaanza kuadhimisha 15 Machi kama Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo ya kumlinda mlaji. Mwaka huo sisi tulikuwa tunatoka kwenye foleni. Simlaumu mtu, nahesabu miaka tu. Ni tabia ya kazi yangu.

Katika hizo nne, ya usalama sisi wa kanda ya kati tunaijua kwa msiba. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua takriban watu 20 Dodoma na Manyara. Mahindi yale hayakuwa na harufu ya kumshtua mpishi. Ndiyo maana nachoka nikisikia "mnunuzi awe na macho". Macho yapo, Mheshimiwa. Hayaoni kuvu iliyosagwa ndani ya unga, wala unene wa bati lililopakwa rangi.

Lakini inayotuuma zaidi kila siku ni ya nne, kusikilizwa. Mwenye shida ya umeme au maji ana baraza la watumiaji chini ya EWURA, wa simu ana la TCRA, wa basi ana la LATRA, na hata msafiri wa ndege ana la kwake. Mimi wa bati, wa nondo, wa redio, wa gauni na sufuria, sheria ya 2003 ilinipa baraza la taifa la kumtetea mlaji. Niliowauliza pale Sabasaba, muuza nyanya, fundi viatu na wateja wao, hakuna aliyewahi kulisikia. Mmoja aliniuliza, "Mlaji? Mlaji wa nini?" Hilo nalo ulitazame siku moja. Neno hili kwenye vijiwe vyetu lina maana yake, na anayeitwa mlaji kwa kawaida ni mtu aliyekaa ofisini, si aliyepunjwa sokoni.

Mimi nilianza kuzunguka. Ofisi ya kwanza waliniambia hilo ni suala la ubora, niende penye wataalamu wa ubora. Huko wakaniambia wao wanashughulika na viwanda na waingizaji, lakini dhuluma ya dukani ni ya wengine. Wengine wakasema nifungue kesi. Nilipiga hesabu: tofauti ya bei kwa mabati 62 ilitosha kumlipa fundi na vibarua wawili wiki mbili. Kwangu ni nyingi. Kwa siku ambazo ningepoteza mahakamani, pamoja na nauli na kutafuta wa kuniandikia hati, ni kidogo. Hapo katikati, kati ya kikubwa cha kuumiza na kidogo cha kushtaki, ndipo wanunuzi wengi wa nchi hii tunapoliwa.

Ninaloomba si kubwa. Tume ya Ushindani, Shirika la Viwango na Wakala wa Vipimo vyote viko chini ya wizara yako. Weka meza moja. Meza na kiti na daftari, sokoni Majengo au Sabasaba, mtu mmoja anayeweza kupokea malalamiko ya taasisi zote tatu bila kumwambia mwananchi "hilo si letu". Akiweza kumpigia muuzaji simu papo hapo akamsomea sheria, nusu ya kesi zitaishia hapo, kabla jua halijawa kali.

Na mstari ule utoke. Toa agizo uondolewe kwenye risiti na kuta, na mahali pake iandikwe aina halisi ya bidhaa: geji ya bati, kipenyo cha nondo, unene wa waya. Bila hilo hata hiyo meza haitakuwa na cha kusoma.

Jambo la tatu nalipenda kuliko yote, pengine kwa sababu ni la hisabati. Bucha haiuzi nyama bila mizani, na mizani hiyo Wakala wa Vipimo wanaikagua na kuitia alama. Mteja anaona mshale mwenyewe. Mkulima naye tunajua alivyohangaika na lumbesa, gunia lililovikwa kilemba likapita kilo 100, na angalau leo neno "mizani" linatajwa kila mahali yanapouzwa mazao. Kwa nini duka la mabati na nondo lisilazimike kuwa na kifaa cha kupimia unene, kimekaguliwa, kimening'inia kaunta, mteja apime kabla ya kulipa? Kifaa chenyewe kinaingia mfuko wa shati. Mwenye duka mwaminifu kitamsaidia yeye kwanza, maana naye mara nyingine kauziwa mbuzi kwenye gunia na msambazaji wake, na sisi wateja tunaishia kumwita mwizi.

Sitetei kila anayerudisha kitu. Kuna anayevaa gauni kwenye sendoff Jumamosi akalirudisha Jumatatu lina harufu ya pilau. Huyo muuzaji ana haki ya kumkatalia, na akitaka aandike ukutani kwamba kubadili mawazo hakurudishi pesa. Na sisi wanunuzi tuna letu. Tunaingia dukani tukiuliza "ya bei rahisi ipo?" kabla ya kuuliza ni kitu gani. Muuzaji anayesikia swali hilo mara arobaini kwa siku atatafuta jibu lake.

Chama cha wanunuzi tutajaribu kukianzisha wenyewe mtaani. Tuko wastaafu sita na mafundi wawili mpaka sasa, na mafundi ndio wenye maana. Hilo hatukuombi utufanyie.

Mabati yangu 62 bado yapo nyuma ya nyumba, yamelazwa juu ya matofali, nimeyafunika turubai. Sijaezeka. Fundi anasema tukiyapigilia ushahidi unakuwa paa, na mimi mpaka sasa sijaamua kama nataka ushahidi au nataka paa. Kifaa cha kupimia nimeshanunua cha kwangu. Ukipata nafasi siku yoyote kabla ya Desemba, au ukamtuma ofisa wako, karibuni Mkonze mpime wenyewe. Risiti nimeitoa nakala mbili, kwa sababu wino wake umeanza kufutika. Mstari wa chini ndio bado unasomeka vizuri.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Mkonze, Dodoma