Somo, usiitumie ile rekodi ya Lindi

Somo yangu, salaam sana,

Huku Mtwara wote wazima, mzee wa tumba anakusalimia na dada yetu wa kuimba anauliza utakuja lini. Mi nakuandikia kuhusu ile rekodi ya usiku wa Lindi uliyonitumia juzi, unasema tukifika studio tuifuate kama ilivyo. Nimeisikiliza mwanzo mwisho na hedifoni, nikairudia, na nakuomba sana usiitumie. Sio kwamba ni mbaya, wala hakuna aliyekosea, ila kila mtu anapiga alichokariri mazoezini na ukisikiliza vizuri unaona kabisa tulikuwa hatusikilizani. Ule wimbo wa kufungia shoo, pale Lindi ilikuwa ubeti, kiitikio, ubeti, chemko (ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha watu), gita langu linazunguka mara nne tunafunga. Tumehesabu! Uje uusikie sasa hivi, utauliza huu ni wimbo gani.

We ulirudi Dar mapema ukatuacha ziarani ndo maana hukuona. Mabadiliko yalianzia Ruangwa, tulipiga uwanja wa wazi, na uwanja wa wazi unaujua, hakuna ukuta wala paa, sauti ikitoka imeenda, yule kijana wetu wa besi manoti yake madogo madogo yote yakawa hayasikiki, akaamua kupiga machache na kuyavuta. Basi pakatokea nafasi ambayo haikuwepo, mi nikaanza kujibu kwenye hiyo nafasi badala ya kupiga juu yake. Tulivyofika Masasi tukaingia ukumbini, bati juu, kila kitu kinagonga kinarudi, nikajua tutarudi kwenye mapigo ya zamani, kumbe ule upigaji wa kuacha nafasi ndo ulifaa zaidi humo ndani kwa sababu ukijaza manoti kwenye ukumbi kama ule inakuwa kelele tupu.

Alafu sauti. Kuimba kila usiku, mchana mko kwenye gari mnakula vumbi, koo la dada likachoka, tukiwa Nachingwea akasema kule juu leo sifiki, tukashusha ki ya wimbo kutoka G mpaka F. Tulishusha kwa kuwa hakuna namna lakini aisee, ule wimbo ulikuwa unangoja hiyo sauti. Ni wimbo wa mtu anayeaga kwao, sasa mtu anayeaga kwao anapiga kelele za nini? Kule chini akawa anausema, maneno yanasikika moja moja, akina mama waliokaa mbele wakanyamaza kabisa, kiitikio cha pili wakakidaka wenyewe. Koo lilipopona hakuna hata mmoja aliyesema turudi G.

Newala ndo penyewe sasa. Kule juu usiku kuna baridi, nyuzi zinakaza na sauti inapanda, nilikuwa naseti gita kila baada ya wimbo. Tumefika kwenye chemko watu wakaanza makofi, ila sio makofi ya kufuata dramu zetu, walikuwa na mapigo yao, ya sindimba, yanakatiza katikati ya yetu. Mzee wa tumba si unamjua, yeye ni Mmakonde wa huko huko, aliwaangalia kidogo tu akahamia kwao! Mpiga dramu akamwona akashusha, besi ikanyamaza, na mi nikatoa mkono kwenye nyuzi maana kwa kweli hapakuwa na cha kuongeza. Tumba na makofi peke yake, muda mrefu, watu wanacheza mpaka vumbi linapanda. Nilipoingia tena na gita niliingia taratibu kwa chini na ule ukumbi ukalipuka. Toka siku hiyo chemko linaanza hivyo. Nani angekaa mazoezini akabuni hicho kitu?

Tandahimba malipo ya korosho yalikuwa yametoka, watu tele, lakini pale nikaanza kuogopa kidogo maana tulishazoea, vidole vinakwenda vyenyewe. Mzee ndo akatuambia wimbo wa kufungia uwe wa kwanza, tukabishana sana, tukajaribu. Ikabidi tuamke! Watu bado hawajachangamka, hayo makofi unayapata wapi, inabidi uyatafute kwao polepole. Tukapata njia nyingine tena ya kuuingia.

Sasa somo ndo nirudi kwenye hoja yangu. Wazee wetu, bendi za NUTA Jazz, Mlimani Park na wenzao, walikuwa wanaupiga wimbo kumbini kwanza, watu wanaucheza, unakomaa, ndo unapelekwa Radio Tanzania na bendi nzima inapiga pamoja. Ndo maana zile nyimbo mpaka leo zinasikika kama watu wamo ndani ya chumba. Fela Kuti kule Lagos naye alikuwa anaupiga wimbo mpya jukwaani muda mrefu, akisharekodi ndo anauacha anaanza mwingine, yaani kwake rekodi ilikuwa mwisho wa safari ya wimbo. Bob Dylan, yule mwimbaji wa Marekani, yuko kwenye ziara tangu 1988, nyimbo anazibadilisha, na mashabiki wake wengine mpaka ubeti uanze ndo wanajua ni wimbo gani. Sisi tunataka kurekodi mtoto kabla hajaota meno, kwa haraka ya nini? Najua utasema studio ni hela na tarehe tumeshapewa. Sogeza tarehe. Hata kama watatukata kidogo mi nipo tayari kutoa kwenye fungu langu.

Bado tuna Kilwa, Kivinje kwanza alafu Masoko. Njoo na ile mashine yako, shukia Nangurukuru tutakufuata na gari. Usichomeke kwenye mikisa tu, weka na maiki mbili zinazoangalia watu, makofi yaingie, ni sehemu ya wimbo sasa hivi. Na tafadhali niletee nyuzi seti mbili, zile nyembamba, huku zimeniishia na maduka yote nimeshamaliza.

Nijibu leo leo kuhusu studio.

Ni mimi somo wako,
wa gita