Asante, dada wa Kitanzania tuliyekutana Delhi

Dada yangu, hatukuulizana majina, lakini popote ulipo, asante sana. Tulikuwa hospitalini ili kaka amtolee baba kipande cha ini lake. Ulikuwa unamuuguza mama yako, bado ukakaa nasi kutueleza kwa Kiswahili kwa nini madaktari walipima ukubwa wa ini la kaka: kipande kikiwa chini ya asilimia 0.8 ya uzito wa mgonjwa, huenda kisimudu kazi. Ukakazania zaidi takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili wa baba usilikatae ini hilo: anywe kila baada ya saa 12, asiruke hata dozi moja, wala baba asiguse balungi, maana hupandisha dawa hiyo kwenye damu. Kinga ya mwili, ulisema, haiachi kuliona ini hilo kama geni. Baba anaendelea vizuri, kaka naye amerudi kazini. Mungu akulipe kheri, na mama apone.