Sikio la kushoto

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sisi hapa Kisauni hatujambo, ila goti la mama yako, naye amenikataza nisilitaje. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nikilianza jambo hili kwenye simu unanijibu "nimesikia, baba", kisha unaniuliza habari za paka.

Sina hakika kwamba umesikia. Ulimwambia dada yako kuwa usiku sikio la kushoto linakulilia, mlio mwembamba kama wa mbu, tangu ulipoanza zamu za usiku pale studio. Yeye ulimwambia, mimi hukuniambia. Hilo naliacha. Lakini safari ya Los Angeles ni mwezi ujao, na mtu hapandi ndege kwenda kusomea kazi ya kuchanganya sauti hali hajui sikio lake lina nini. Nenda kwa daktari wa masikio. Nenda ukapimwe.

Siku hizi nasikiliza zile sahani zako za santuri ulizoziacha juu ya kabati. Usiwe na wasiwasi, nazishika pembeni kama ulivyonionyesha. Iliyonishika mimi ni ile ya Beach Boys, kundi la waimbaji wa Marekani, ya mwaka 1970, Sunflower, yenye jina la alizeti. Ulipokuja nayo kutoka Nairobi nilikuuliza bei, nikakwambia pesa hizo zingelipa umeme. Kilichomo sikuuliza. Nilidhani ni wale vijana wa mashati ya mistari na nyimbo zao za kuteleza juu ya mawimbi, basi. Kumbe na kwao Marekani walidhani vivyo hivyo. Dada yako alinisomea habari zao kwenye simu jioni tatu mfululizo. Kampuni ilizikataa nyimbo walizopeleka mwanzo, wakarudi kurekodi nyingine, na sahani ilipotoka mwezi wa Agosti haikupanda juu ya nafasi ya 151 kwenye orodha ya mauzo ya kwao. Uingereza ndiko ilikofika ya 29. Vijana wa wakati ule walikuwa na vita vya Vietnam kichwani na magitaa ya kelele masikioni. Wimbo wa ndege aliyetua dirishani angeutaka nani?

Mimi nautaka. Huo wa ndege, wenye maneno ya Kifaransa katikati, naurudia kila baada ya Alasiri. Na ule This Whole World, alioutunga Brian Wilson, mtunzi wao mkuu, akauimba nduguye Carl, haufiki hata dakika mbili. Sauti inahama na kuhama, kama mtu anayepita vyumba vya nyumba asiyoijua, halafu anatokea mlango ule ule alioingilia. Wale wanaomwitikia ni kama waitikiaji wa kasida waliokua pamoja, kila mmoja anajua mwenzake atavuta pumzi wapi. Na walikua pamoja kweli: ndugu watatu, binamu yao, rafiki wa shule, na Bruce Johnston aliyejiunga baadaye. Dennis, ambaye watu walimjua kwa kupiga ngoma tu, ana nyimbo nne humu, na Forever yake ni ya mtu mwenye moyo laini kuliko alivyotaka kuonekana. Kwa nini hukuniwekea huu siku moja tukaketi tukausikiliza? Au uliniwekea mimi nikawa nasoma gazeti. Yawezekana.

Nimeziacha spika pale pale ulipozifunga, moja huku na moja huku. Nikiketi kwenye kiti cha katikati nasikia sauti zikitoka kushoto, nyingine kulia, na nyingine mbele yangu mahali ambapo hapana spika. Fundi wao wa sauti Stephen Desper ndiye aliyezipanga hivyo, wakirekodi nyumbani kwa Brian kule Bel Air. Na mwenye nyumba sikio lake la kulia lilikuwa halisikii, tangu utotoni. Kulikuwa na upana wote ule ndani ya nyumba yake, na yeye hakuwahi kuupata kama ninavyoupata mimi, mzee wa bandarini. Wako wanaosema alizaliwa hivyo. Wako wanaosema ni kipigo cha baba yake. Dada yako alipofika hapo nilimwambia afunge simu, chakula kinapoa.

Ndiyo maana nakukazania. Nenda ukapimwe. Kipimo chenyewe hakiumi: unaingizwa kwenye chumba kidogo kilichozibwa kelele, unavishwa hedifoni, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Mimi nilipimwa baada ya kustaafu, na daktari akanichorea mstari unaokwenda vizuri halafu unaporomoka kama ngazi iliyovunjika. Vizibo vya masikio tulipewa kule bandarini, tukavitia mfukoni ili tusionekane waoga. Aliniambia kelele ya desibeli 85 mtu huivumilia saa 8 kwa siku, ikipanda desibeli 3 tu muda unapungua nusu, na vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa haviji kuota tena. Sasa wewe unavaa hedifoni kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Piga hesabu, maana hesabu hukuwahi kushindwa.

Baba yao kina Brian akiitwa Murry. Naye alikuwa akitunga nyimbo, hazikufika mbali. Ndiye aliyewasukuma mbele, akawa meneja wao, na mwaka 1964 wanawe wenyewe wakamwachisha kazi. Mwaka 1969 akauza haki za nyimbo za Brian kwa dola 700,000 hivi, akidhani wakati wake umepita. Kwa hiyo Sunflower ilitoka mwaka uliofuata, mwanawe akiwa ameshaumizwa. Nimemwaza sana mtu huyu. Sisemi hakuwapenda.

Kile kinanda chako. Bati la jikoni lililonunuliwa kwa pesa zake halivuji mpaka leo, mama yako ni shahidi. Lakini hapakuwa na haraka ile. Masika yalikuwa bado mbali.

Na jioni ile ya mlangoni. Najua ni sikio la kushoto kwa sababu mkono wangu ni wa kulia na tulikuwa tumetazamana. Daktari akikuuliza kama umewahi kupigwa au kuanguka, mjibu kweli, usinisitiri. Nataka ajue pa kutazama.

Watu wote wa baraza hapa wanajua unakwenda kusoma. Nimewaambia mwenyewe, na mzee mmoja aliponiuliza muziki una riziki gani nilimjibu mpaka akanyamaza, mimi niliyekuuliza swali hilo hilo kwa miaka. Ila hukupaswa kukaa Nairobi Ramadhani nzima bila kuja hata siku moja kufuturu nasi. Mama yako alikuwa akipika mikate ya sinia miwili, mmoja anaugawa kwa majirani.

Ukifika huko, nyumba ambamo zilizaliwa nyimbo za mwanzo za vijana wale ilikuwa katika mji wa Hawthorne. Waliibomoa miaka ya 1980 kupisha barabara kuu, sasa limejengwa jiwe la ukumbusho. Ukipata siku nenda, unipigie picha. Baharini usiingie hovyo. Najua umekulia Nyali, lakini maji ya kule ni baridi. Dennis ndiye pekee kati yao aliyeyajua mawimbi kweli, na alizama Marina del Rey mwezi wa Desemba 1983, miaka 39. Brian, yule wa sikio moja, ndiye aliyewazika wadogo zake wote wawili, akaishi mpaka Juni 2025.

Jalada nimeliegemeza kwenye rafu, jirani ya saa. Wanaume sita wamekaa kwenye majani na watoto wadogo kati yao. Mama yako anasema mmoja wa watoto hao amenuna kama wewe ulivyokuwa ukinuna kwenye picha za Idi. Mimi sioni vizuri bila miwani, lakini nimekubali.

Nimekutumia shilingi 5,000 kwa M-Pesa. Ni za daktari, si za begi wala za wenzio. Zikipungua niambie, nitaongeza nikishamlipa fundi wa bomba. Tangi la juu limepasuka tena ubavuni, tunateka maji kwa jirani tangu Jumatatu. Paka yupo, amezaa kwenye kapu la nguo zako za shule, kwa hiyo usitume mtu kuja kulichukua.

Sindano ya santuri imeanza kukwaruza kwenye ule wimbo wa maji, wa mwisho upande wa pili. Niandikie ni sindano ya aina gani na inauzwa wapi, nisije nikakuharibia sahani. Na tarehe uliyopewa na daktari uiandike kwenye ujumbe huo huo.

Baba yako