Nyumba ni yako: barua kwa mpwa wangu kabla ya Jumamosi

Mpwa wangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Wa baada ya salamu, sisi huku ni wazima, na twakuombea wewe uwe mzima zaidi. Mama yako alinipigia simu jana usiku, akazungumza kwa sauti ya chini kana kwamba umesimama mlangoni unamsikiliza, akaniambia umejiandikisha kwenye mashindano ya bao Jumamosi hii. Nilinyamaza mpaka akadhani simu imekatika. Ilikuwa ni furaha tu, imenikaa kooni.

Nakukumbuka una miaka 6, umekaa mkekani kando ya goti la babu yako pale Kibokoni, kazi yako kuokota kete zinazorukia chini. Kisha akakufundisha bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, mchezo hauna nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, wala ghala, ile akiba ya kete zinazongoja kuingia baoni. Siku moja, hata darasa la tano hujafika, ukamwambia, "Babu, hapo ungekula." Akatazama. Kweli, angekula. Babu hakujibu. Alizoa kete zote akakupangia bao la Kiswahili: 6 nyumbani, 2 shimo la kulia kwake, 2 linalofuata, na 22 akakutilia ghalani. Sote tuliokuwapo barzani siku ile tulielewa kilichotokea, hata kama hakuna aliyekisema.

Barua hii naiandika wazi, ingawa ningeweza kukupigia simu, kwa sababu si wewe peke yako. Mombasa hii ina vijana wengi waliolelewa na bao la barzani na ambao hawajawahi kukaa mbele ya mtu wasiyemjua, kwenye meza, mwamuzi amesimama kando na daftari. Mimi nimekaa. Na mara ya kwanza nilipokaa nilifungwa kwa jambo ambalo ningependa wewe usifungwe kwalo.

Barzani huchezi peke yako. Nyuma yako wamesimama watu sita saba, kila mmoja na rai yake. Muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe, anasimama kidogo, naye pia anatoa rai. Ukiinua kete mtu anaguna. Ukitaka kukosea, kuna sauti itakayokuzuia, na ukitaka kuogopa, kuna sauti itakayokusukuma. Mtu hukua ndani ya kelele zile akadhani anafikiri, kumbe nusu ya fikra zake zimo vinywani mwa watu wengine. Kwenye mashindano kelele zile hazipo. Watazamaji wameambiwa wanyamaze, na wananyamaza kwelikweli.

Mimi nilikuwa na miaka 24. Barzani kwetu nilikuwa sifungiki, na sisemi hivi kwa kujisifu, waulize waliopo. Raundi ya kwanza nilimfunga kijana mmoja wa Kisauni mapema sana. Raundi ya pili nikapangiwa mzee wa Lamu, kanzu nyeupe, kofia ya vito. Akanisalimia, akaniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia baba, akasema alimjua. Baada ya hapo hakufungua tena kinywa mpaka mchezo ulipokwisha.

Tulikuwa bado twanamua, yaani twaingiza kete za ghalani moja moja. Nyumba yangu ilikuwa na kete 10. Nikatia kete yangu, nikala 5. Nikaanza kuzipanda kutoka kichwa cha kushoto, shimo la mwisho la mstari wa mbele upande huo, moja moja, na ya tano ikaangukia nyumbani. Sasa nyumba ina 11. Wewe wajua kwamba hapo mtu ana hiari. Aweza kulala, kete zikabaki nyumbani na zamu ikaenda kwa mwenzake. Au aweza kuivunja nyumba akasafiri nazo, na nyumba ikishavunjwa hairudi tena kuwa nyumba mpaka mchezo uishe.

Barzani hapo ndipo watu huinuka vitini. "Vunja! Vunja bwana, wangoja nini?" Ukumbini hakuna aliyesema neno. Nilisikia feni ikizunguka juu. Nilihisi macho ya watu shingoni, nikajiona kama wote wanangoja nifanye jambo kubwa, na sauti ambayo haikuwepo nikaisikia. Mkono ukaenda. Nikazizoa zote 11.

Sasa chukua bao lako uhesabu na mimi. Kulia kwa nyumba kuna mashimo matatu ya mbele: kete 3. Kisha unapinda nyuma, mashimo manane: kete 8. Tatu na nane ni kumi na moja. Ya mwisho ilianguka shimo la nyuma, pembe ya kushoto kabisa, na shimo lile lilikuwa tupu. Safari ikaishia hapo. Shimo lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, wala halikufichwa na chochote. Sikuhesabu.

Mzee akala kuliani kwangu, pale pale nilipojaza. Zamu chache baadaye mstari wangu wa mbele haukuwa na hata kete moja, na ghalani bado nilikuwa na kete za kunamua. Nimefungwa mkononi. Kwa mtu aliyekuwa hafungiki barzani kwao, hilo neno mkononi lina uzito.

Nikainuka niende zangu. Mzee akanishika kiganja, akasema, "Kaa." Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria nywele hunisimama. Alilipanga bao upya, upande wake na upande wangu, kete kwa kete, likawa vile lilivyokuwa kabla sijaigusa nyumba. Hakusita hata kwenye shimo moja. Akaniambia, "Hesabu." Nikahesabu kwa kidole, shimo kwa shimo, mpaka nikafika kwenye pembe. Akasema, "Sasa lala." Nikaondoa mkono. Akacheza zamu yake polepole ili nione, na nikaona: upande ule hakuwa na cha kula. Nyumba yangu ingekaa, mimi ningekuwa na kete 11 nyuma ya ukuta wangu, na yeye ndiye angekuwa na la kufikiri.

Basi mpwa wangu, Jumamosi kete yako ikifika nyumbani, toa mkono mezani. Uweke pajani kabisa. Hesabu mpaka mwisho wa safari, si mpaka katikati. Ukiona safari ina faida, vunja, wala usiionee huruma nyumba, maana wapo pia wanaoilinda mpaka wanakufa nayo. Ila uwe ni wewe uliyeamua.

Kuna jambo jingine ambalo mama yako hakulisema lakini nililisikia ndani ya sauti yake. Utaingia ukumbini ukute wanaume watupu, na wengi wao wana umri wa babu yako. Waamkie mmoja mmoja, shikamoo yako iwe ya kweli, na ukikaribishwa kahawa pokea. Lakini mkishaketi mbele ya bao, heshima ya bao ni kucheza. Ukimwachia mzee kete kwa sababu ni mzee, umemdharau. Babu yako hakukuachia hata moja, wala wewe hukumwachia, na sijapata kuona watu wawili wanaoheshimiana kuliko nyinyi.

Wapo watakaocheza haraka. Mkono wa mchezaji mkongwe huenda kama cherehani: ameshakula, ameshapanda, amekula tena, nawe bado uko kwenye shimo la pili. Wengine ni mazoea yao tu, wengine wanataka ukimbie nao. Usikimbie. Fuata kete zake kwa macho mpaka ya mwisho, na kama umepotea sema, "Samahani mzee, sijaiona, tafadhali rudia." Hiyo ni haki yako na hakuna aibu ndani yake. Kwenye hatua ya mtaji, ghala likishakwisha, ndiko haraka inakoumiza zaidi, kwa sababu hapo shimo la kuanzia kula lahitaji kuwa na kete zisizopungua 2 na zisizozidi 15, na mtu mwenye pupa huinua shimo lenye kete 16 akaambiwa na mwamuzi azirudishe. Nimeona mchezaji mzuri akivurugikiwa na kosa hilo moja mpaka mwisho.

Kabla ya raundi ya kwanza mfuate mwamuzi umuulize sheria mnazochezea. Bao ni moja lakini kila mji una desturi zake. Uliza hasa kuhusu takasia. Babu hakuitumia sana, ndiyo maana wewe huijui vizuri, lakini waliofundishwa Unguja wanaijua kama sala: mtu anatakasa, yaani anacheza bila kula, kwa namna inayokufungia shimo lako, na zamu yako ikija huruhusiwi kuanzia hapo. Ijumaa jioni nitakuja tuicheze mara tatu nne uizoee.

Na usiniambie utatoka Likoni saa mbili kwa kuwa mchezo unaanza saa tatu. Feri ni feri. Vuka saa kumi na mbili na nusu, ukifika mapema kula mahamri na mbaazi, tembea kidogo, kaa kivulini. Mtu aliyefika akihema hucheza mchezo wa kwanza na moyo wake bado uko kwenye foleni. Chukua maji. Chukua kitambaa, maana mikono ya jasho na kete za komwe hazipatani, kete hung'ang'ania kiganjani na ukadhani umepanda moja kumbe umeshika mbili.

Najua kwenye ukoo wetu wapo wanaosema bao ni mchezo wa watu wasio na kazi. Nadhani ndio waliomfanya mama yako anong'one. Mimi huwajibu kwa Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mvita aliyefariki mwaka wa 1840, mtu aliyetunga kuhusu vita na siasa za mji huu, na bao nalo akalitungia shairi. Akiona ni jambo la kutungiwa, sisi ni nani? Na Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikwenda Unguja kukaa na mabingwa wa bao, akawachunguza wanavyofikiri, na mwaka wa 1995 akapata shahada ya udaktari huko Leiden kwa utafiti huo. Yule mzee wa Lamu, aliyelipanga upya bao la pande mbili kutoka kichwani, hakuwa na shahada yoyote. Nilimuuliza. Alikuwa fundi wa majahazi.

Ukifungwa, usiondoke. Hili nakuomba kama mjomba wako. Najua utatamani kuvuta mtandio usoni ukimbilie stendi. Kaa, uangalie raundi zilizobaki, tena kaa nyuma ya yule aliyekufunga, uone anavyocheza na wengine. Mimi siku ile nilibaki kwa sababu mzee alinishika mkono, la sivyo ningeondoka. Nilimtazama akicheza michezo mitatu zaidi, na katika kila mmoja, kete ilipofika nyumbani, mkono wake ulishuka pajani.

Nitakuwapo. Nitakaa safu ya nyuma upande wa dirisha, na nimejiapiza sitatoa sauti, hata ukiwa unakula, hata ukiwa unaliwa. Usinitafute kwa macho katikati ya mchezo, hutapata kitu usoni mwangu.

Waandaaji wamesema mbao wanazo, lakini anayetaka aje na kete zake. Za babu nimezitoa kabatini jana usiku uleule, nikaziosha, nikazianika kwenye sinia sebuleni. Moja ilikuwa imepasuka, nikaenda kuokota komwe nyingine ufukweni Nyali asubuhi hii, haijang'aa kama wenzake lakini itang'aa. Zimo ndani ya mfuko wake uleule wa kitambaa cha kikoi, ziko kwa mama yako. Ni 64, nimezihesabu mara mbili.

Mjomba wako