Kumficha mzee ugonjwa wake ni kumuibia muda

Mhariri,

Salamu kutoka Kirumba hapa Mwanza. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, sijawahi kuandika gazetini ila hili nimeshindwa kukaa nalo. Juzi nilikuwa kwenye meli naenda Nansio kule Ukerewe, pembeni yangu kakaa dada mmoja na mzee wake, mzee amekonda, kavaa koti na kitenge juu wakati jua linawaka, mkononi kashika ile bahasha kubwa ya kahawia ya picha za hospitali. Mzee aliposinzia yule dada akaninong'oneza, dada yangu, huyu mzee ana saratani, madaktari wametuambia imeshasambaa, lakini Baba hajui, tumemwambia ni maji kwenye mapafu yakikauka atapona, na yeye kila siku anaulizia mvua zikianza nani atamlimia shamba la mpunga. Kisha akaniuliza, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Hakujua anamuuliza nani.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa Ukerewe, tangu enzi za karabai mpaka hizi taa za sola. Mwaka juzi akaanza kusema ugali unamkwama. Mwanzoni ugali tu, tukamtania kwamba mzee siku hizi anataka wali, baadae wali nao ukawa haupiti mpaka asukumie na maji, baadae ikabaki uji, na mkanda wake akautoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Hapo katikati tulipoteza miezi na dawa za vidonda vya tumbo za kununua dukani, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mtu mzima chakula kinamkwama wiki baada ya wiki anatakiwa kupigwa kamera, ule mpira wenye kamera unaoshushwa kooni, sio kubadilishiwa vidonge, na hii saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, kwetu Afrika Mashariki ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Sisi hatukujua. Alipopigwa kamera wakachukua kinyama kidogo kikapimwe, tukasubiri majibu wiki kadhaa, yakaja.

Daktari alituita watoto pembeni. Kaka mkubwa ndio alisema, daktari tunaomba mzee asiambiwe, presha itamuua kabla ya ugonjwa wenyewe. Wote tukaitikia kwa kichwa, na mimi nimo. Daktari akasema haya, nyie ndio mnamjua. Yaani ndani ya dakika tano watu wanne tuliamua maisha ya mtu wa tano, ambaye muda huo kakaa kwenye benchi hatua chache tu kutoka pale, kanishikia mkoba wangu.

Tukamwambia ni vidonda vya koo vimekomaa.

Akaanza mionzi. Siku hizi mionzi ipo hapa hapa Mwanza, hospitali ya Bugando, mgonjwa wa kanda ya ziwa halazimiki tena kwa kila kitu kwenda zaidi ya kilomita 1,100 mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar kama zamani, na kwa hilo namshukuru Mungu maana familia nyingi zilikuwa zinaishia njiani. Sisi wanne tulielezwa vizuri kabisa kwamba ile mionzi ni ya kumfungulia njia apate kula, haitaumaliza ugonjwa. Sasa mtu aliyefungwa koo miezi mitano akianza kumeza ugali laini na mchuzi wa sato anajua nini? Anajua amepona. Baba aliporudi Ukerewe akawa na furaha ambayo sijaiona kwake miaka mingi, akawapigia simu wavuvi wake, akatoa milioni 2.4 aliyoiweka muda mrefu, akanunua mbao, akaita fundi atengeneze mtumbwi mpya. Alisema giza la mwezi unaofuata yupo majini. Kwa wasiojua, dagaa wanavuliwa kipindi mwezi haupo ili taa ziwavute, kwa hiyo mvuvi anahesabu maisha yake kwa giza na mbalamwezi, na Baba alikuwa anahesabu, giza hili, giza lijalo.

Nilikwenda kumsalimia nikamkuta yuko na fundi wanaziba nyufa kwa pamba, yeye ndio anamkabidhi zile pamba moja moja, mikono inatetemeka, anacheka. Akaniambia mwanangu shika hapa. Nikashika. Nikashikilia ubao wa mtumbwi ambao najua hataupanda, nikatabasamu. Mhariri, katika mambo yote ya ule ugonjwa, hata usiku wa mwisho, hilo ndilo linaniamsha mpaka leo.

Na uongo ule haukukaa kwa Baba peke yake. Kwenye grupu la wasap la familia tuliwatoa wajukuu na mashangazi ili siri isivuje, matokeo yake mchango ukawa unapungua maana watu wanajiuliza vidonda gani hivi vinakula hela kila wiki. Nyumbani mmoja wa ndugu akaanza kutenga kikombe cha Baba na sahani yake kwenye kona, akidhani ni kifua kikuu tunakificha, na saratani haiambukizwi kwa kikombe wala kwa kulala chumba kimoja, lakini nani wa kumwambia wakati hatujasema kama ni saratani? Baba alikiona kile kikombe. Akawa anajinyanyua mwenyewe kwenda kukichukua.

Halafu likaja baya zaidi, maneno ya kurogwa. Mzee kakonda ghafla, watoto wananong'ona, hakuna anayetaja ugonjwa, basi watu wakajijazia, ikasemwa ni kijicho cha mtumbwi mpya, na jina la bibi mmoja jirani likaanza kuzunguka. Sisi watu wa kanda ya ziwa tunajua maneno kama hayo yanaishia wapi. Vikongwe wamekatwa mapanga huku kwetu kwa sababu ya macho mekundu tu, macho ambayo ni moshi wa kupikia miaka sitini. Kwa hiyo siri yetu ya huruma ingeweza kumwaga damu ya mtu asiyehusika kabisa. Siku niliposikia lile jina ndio nilianza kuogopa kwelikweli.

Lakini sikumwambia mimi. Kijana wa kaka yangu yuko kidato cha pili, Baba alimpa kadi ya kliniki amsomee tarehe ya kurudi, mtoto akasoma tarehe, akasoma na mstari wa juu. Baba akampa kadi aipeleke ndani kisha akanipigia simu. Nilipanda meli ya asubuhi. Nilimkuta kakaa juu ya mbao zilizobaki, hakulia wala hakunipigia kelele, alisema tu, "Ungeniambia kabla sijanunua mbao."

Siku mbili hakuongea na kaka. Ya tatu akaomba daftari.

Hapo ndio nataka wasomaji waniangalie vizuri, kwa sababu tulikuwa tunasema akijua atakufa kwa presha. Baba alinikalisha chini ya mwembe akanitajia madeni yote, nani anamdai na nani anadaiwa, mpaka elfu tano ya mafuta ya taa ya miaka ya karabai. Akaita wazee wakapita mipaka ya shamba na Mama yupo pale, ili baadae asije mtu kumsumbua. Akatuma watu kwa mdogo wake wa baba mmoja waliyegombana miaka kumi na moja, baba mdogo akaja na jogoo, wakakaa nje mpaka saa nne usiku hatujui wanaongea nini. Mtumbwi akasema umaliziwe, uwe wa Mama, wavuvi wautumie na mgao wake aletewe kila giza likiisha. Na yule bibi jirani, Baba mwenyewe alitoka kwa fimbo akaenda kukaa kwenye kibaraza chake mchana kweupe watu wakiona, akasema kwa sauti mimi nina saratani ya umio, imepimwa kwa kamera, asisingiziwe mtu. Maneno yalikatika siku ile ile.

Kaka alitaka kuuza kiwanja tumpeleke nje ya nchi. Baba akauliza daktari moja kwa moja, nikienda huko nitapona? Akajibiwa ukweli. Akasema basi kiwanja kibaki, mimi nitakaa nyumbani nilione ziwa langu. Sasa swali kama hilo angeliuliza vipi mtu anayejua ana vidonda?

Kuanzia hapo hata kumuuguza kukawa na mpangilio. Grupu likawarudisha wote, tukagawana usiku kwa zamu maana Mama alikuwa anaelekea kuanguka yeye kabla yake, asiye na hela akapewa zamu ya kuchota maji na kufua, na tukaihesabu kama mchango sawa na laki moja ya aliyeko Dar. Wageni tuliwaambia wazi wasilete soda, hawezi kunywa, lete sukari ya uji au kaa na mgonjwa saa mbili Mama alale. Na msimkalie na nyuso za msiba, Baba alikuwa anapenda kusikia bei ya dagaa imefika ngapi, mwambieni bei ya dagaa.

Kuhusu maumivu, naomba hili litoke kama lilivyo. Watu wa tiba shufaa, wale wanaomtuliza mgonjwa asiyepona, walitupa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, Mama akaificha kabatini wiki nzima, kasikia ni dawa ya kulevya, anaogopa mzee atakuwa teja. Nesi akamkalisha akamwambia mama, hii mofini ikitumika kwa maumivu ya saratani kwa kipimo alichoandika daktari haimfanyi mgonjwa kuwa teja, apewe kila baada ya masaa manne bila kusubiri mpaka alie, na mkumbuke inafunga choo kwa hiyo msiache ile dawa ya kulainisha. Ile wiki ya kabatini Baba alikuwa anauma kona ya blanketi usiku ili tusimsikie. Kuna nyumba ngapi leo hapa Mwanza mofini iko kabatini?

Ukifika hospitali ulizia pia ofisi ya ustawi wa jamii mapema, kuna msamaha kwa wazee wasio na uwezo wa miaka 60 na kuendelea, sisi tuliusikia tumeshauza ng'ombe wawili.

Najua watakaoniambia kuna wazee hawataki kujua. Ni kweli wapo, na hiyo ni haki yao. Ila aseme mwenyewe, asisemewe na watoto pembeni. Sio lazima umrushie neno kama jiwe. Unaweza kuanza na swali, Baba wewe unaonaje huu ugonjwa, unataka daktari akueleze yote au tuende taratibu, kisha unanyamaza, unasubiri jibu hata likichelewa. Akisema sitaki kusikia, unamheshimu. Akisema nieleze, unamleta daktari, na wewe unabaki pale pale. Na madaktari wetu nawaomba kwa heshima, ndugu wakiwaambia msimwambie, msikubali haraka namna ile, muulizeni kwanza mwenye mwili.

Baba alifariki mwezi wa tatu mwaka jana, nyumbani, alfajiri, wavuvi wanarudi. Mtumbwi upo, unavua.

Mhariri, meli ilifunga gati Nansio kabla sijamaliza kumjibu yule dada, nilifika kwenye habari ya kikombe tu, mzee wake akaamka wakashuka na bahasha yao. Sikuchukua namba yake. Ndio maana nimeandika. Dada, kama unasoma hapa, yale maswali ya mzee wako kuhusu mpunga mjibu kweli. Mvua za vuli hazijaanza bado.

Binti wa mvuvi,
Kirumba, Mwanza